Nguzo Kumi na Moja za Baba

Najua nimepotea. Niliahidi kuendelea na ile habari ya hifadhidata, lakini nilichukua likizo ya wiki mbili nikaenda nyumbani Mfangano, na huko sikugusa hifadhidata hata moja. Nilichimba mashimo. Leo mtanivumilia, nitazungumza juu ya mashimo.

Kwa wasioijua, Mfangano ni kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Kenya, katika kaunti ya Homa Bay. Unasafiri kwa basi hadi Mbita, halafu unapanda mashua. Ukikiona kwa mbali utadhani ni mlima uliosahauliwa majini, na kwa kweli ndivyo kilivyo. Watu wengi tunaishi chini, karibu na ufuo, kwa sababu juu ni mwinuko na mawe. Wala si kwamba chini hakuna mawe.

Mawe hayo yalitoka volkano ya kale iitwayo Kisingiri, iliyokuwa upande wa bara, ng'ambo ya maji. Ilikuwa hai miaka milioni kumi na kitu iliyopita, ikatapika lava na majivu mpaka huku kwetu na Rusinga. Katikati ya tabaka hizo wataalamu wamechimbua visukuku vingi. Fuvu maarufu la Proconsul, nyani wa kale, Mary Leakey alilipata Rusinga mwaka wa 1948, na Mfangano nako vimepatikana vya jamaa zake. Kwa mtu anayetafuta visukuku, hii ni ardhi ya baraka. Kwa mtu anayetaka kusimamisha nguzo ya ua, sijui niseme nini.

Sasa nieleze kisa chenyewe.

Shamba letu la zamani lilikuwa chini kabisa, hatua chache kutoka majini. Mwaka wa 2020 ziwa lilifurika, mwezi wa Mei likapita hata kimo cha mwaka wa 1964 ambacho wazee walikuwa bado wanakisimulia. Shamba likaingia majini. Baba akahamia kipande cha juu ya nyumba, ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu ya mawe, akakisafisha taratibu, na mwaka wa 2021 akaanza kukizungushia ua. Upande mmoja alipanda mnyaa, ule mti wenye maziwa makali ambao mbuzi hawaugusi. Upande wa juu, wenye urefu wa kama mita sitini, alianza kuweka nguzo za seng'enge. Alifariki mwaka wa 2022 akiwa ameweka nguzo kumi na moja. Seng'enge yenyewe ilibaki imeviringishwa ghalani.

Mama analima hapo sukuma wiki, maharagwe na mtama kidogo. Sukuma anaiuza, na pesa hizo ndizo zinazomnunulia dawa za presha. Mimi namtumia hela kwa simu kila mwezi lakini ana msimamo wake: dawa zake anajinunulia. Mwaka juzi mbuzi waliingia mchana wakamaliza matuta yote, na kabla hajapanda tena kiboko akapita usiku akakanyaga yaliyobaki. Hakuniambia. Dada yangu ndiye aliyeniambia, tena miezi mitatu baadaye, na katika miezi hiyo mitatu Mama alikuwa anagawanya vidonge ili visiishe.

Basi mwezi wa Januari 2024 nikafunga safari kwenda kumaliza ua wa Baba.

Mimi ni mtu wa tarakilishi (au ngamizi, au kompyuta, sitaki tuanze tena ubishi ule). Kabla ya kuondoka Nairobi nilifungua picha za setilaiti, nikalitafuta shamba letu, nikachora mstari. Mita 60, nguzo kila baada ya mita 3, jumla nguzo 21. Kila shimo sentimita 60. Nikakisia saa moja kwa shimo moja, siku tatu kazi imekwisha, siku zilizobaki ni za kula samaki. Nikanunua nguzo kumi za mkaratusi Mbita, mifuko miwili ya saruji na nondo chache, nikavuka navyo.

Nguzo za Baba hazikuingia katika mstari wangu. Mbili zilikuwa karibukaribu, halafu pengo la mita nane, halafu moja imekwenda kushoto, nyingine imerudi kulia. Mstari wake ulikwenda kama mtu aliyetoka kilabuni. Nilikumbuka nilivyokuwa namcheka utotoni kwa matuta yake yaliyopinda. Nikaamua kuzing'oa zote nianze upya.

Hazikutaka kung'oka. Ilinibidi kutikisa kila moja, nichimbue pembeni, nitikise tena. Sasa hivi mnajua jambo hilo lingenifundisha nini, lakini siku ile niliona ni ukaidi wa mti tu. Nikizitoa nilifukia mashimo kwa kifusi ili mtu asivunjike mguu. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeng'oa saba.

Mama akaleta uji. Akazitazama zile nguzo zilivyolala.

"Zilikuwa zimeoza?"

"Hapana Mama. Zilikuwa hazijanyooka."

Akangoja nimalize uji, akachukua kikombe, akarudi jikoni.

Siku ya pili nilianza kuchimba juu ya mstari wangu. Shimo la kwanza, sururu iligonga mwamba kabla kina hakijafika shubiri moja. La pili vivyo hivyo. La tatu likakubali mpaka chini, nikafurahi nikaimba. La nne mwamba. La tano jiwe kubwa ambalo nilidhani ni dogo, nikalizunguka saa mbili nzima kutafuta ukingo wake nisiuone. Jioni nilikuwa na shimo moja la maana kati ya sita, na viganja vyangu, ambavyo vimezoea kubonyeza vitufe tu, vilikuwa vimetoka malengelenge.

Usiku nikatafuta mbinu kwenye simu. Ipo njia ya kale sana, watu waliitumia migodini kabla ya baruti: unawasha moto juu ya mwamba mpaka ushike joto, halafu unamwagia maji baridi. Mwamba hupasuka kwa kushtuka. Hata wavunja kokoto wa kwetu wanaijua. Jambo ambalo sikusoma mpaka mwisho ni kwamba jiwe lenye unyevu ndani halingoji umwage maji. Ule unyevu unageuka mvuke, unatafuta pa kutokea. Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa nimeinama nikichochea moto wangu wakati jiwe liliporuka kwa mlio kama wa bunduki, na kipande kikanikata juu ya nyusi. Sentimita mbili chini na ningekuwa naandika haya kwa jicho moja. Mama aliniosha kwa maji ya chumvi, safari hii akizungumza, na maneno aliyosema sitayaweka hapa.

Habari za damu hazikai mahali. Kabla ya mchana baba mdogo alikuwa amefika kutoka upande wa pili wa kijiji. Hakuniuliza juu ya jeraha. Aliomba mtaimbo.

Alitembea nao polepole kando ya shamba akiupigisha chini kila hatua, kama kipofu na fimbo yake. "Sikiliza," akasema. Ukigonga mwamba mzima, mtaimbo unalia mlio mkali na kukurudia mkononi. Ukigonga jiwe lililolala peke yake kwenye udongo, mlio ni mfupi na mzito, na ukiweka mguu karibu unahisi limetikisika kidogo. Ukigonga udongo haulii, unazama. Baada ya nusu saa nilianza kusikia tofauti. Mbele ya macho yangu lilikuwa shamba lile lile, lakini chini yake kulikuwa na ramani: hapa mwamba, hapa ufa, hapa mfuko wa udongo baina ya mawe mawili makubwa.

Kisha akafika mahali palipokuwa na nguzo ya kwanza niliyoing'oa. Akauinua mtaimbo akauachia. Ukazama hadi nusu.

Akaenda ya pili. Ukazama.

"Kijana, hizi ulizing'oa kwa nini?"

Nikamwambia habari ya mstari. Nilimwonyesha hata picha kwenye simu. Aliitazama kwa heshima, akanirudishia.

"Baba yako alitembea hapa na mtaimbo huu mwezi mzima kabla ya kuchimba shimo lolote. Watu walidhani amepotelewa na kitu."

Kumbe kule kupinda kote kulikuwa ni kufuata nyufa. Na pale palipo na pengo la mita nane ni kwa sababu chini yake kuna mwamba mmoja mpana kama sakafu ya kanisa. Ile nguzo iliyorudi ndani sana, ambayo ndiyo iliyoniudhi kuliko zote, haikuhusu mwamba hata kidogo: Baba aliacha njia ya akina mama wa boma la juu wanaoshuka ziwani kuchota maji. Mstari wangu ungeiziba. Isitoshe, simu ya mkononi hukosea mita tatu hadi tano hata ukiwa chini ya anga wazi, kwa hiyo sina hakika mstari ule ulikuwa ndani ya shamba letu.

Ninyi mnaoandika programu nadhani mmeshanielewa na mnacheka. Mara ngapi nimefungua msimbo wa mtu aliyeondoka kazini, nikakuta sharti la ajabu lisilo na maelezo, nikalifuta nikasema huyu jamaa hakujua kazi? (Wengine huuita kodi badala ya msimbo. Nilimwambia Mama nafuta kodi ya watu akadhani nimenunua nyumba ya kupangisha.)

Tukaanza kurudisha. Nguzo saba, mashimo saba, lakini nilikuwa nimeyafukia kwa kifusi kile kile kilichozagaa kote, na juu yake nikapita na toroli siku nzima. Tulipata matano kwa mtaimbo. Mawili hatukuyapata.

Nieleze namna ya kuweka, maana wapo watakaohitaji. Nguzo ikishaingia kwenye ufa, usirudishe udongo wote kwa mpigo. Chini kabisa unaweka mawe ya ukubwa wa ngumi, unayapigilia yaikabe nguzo. Halafu udongo mkavu kiasi cha vidole vinne, unashindilia kwa kichwa cha mtaimbo mpaka ukatae kushuka, halafu udongo tena, unashindilia tena. Karibu na juu unapigilia mawe mengine kama kabari, na lile kubwa kuliko yote linakaa upande ambao seng'enge itavuta. Unamalizia kwa kilima kidogo ili maji ya mvua yateremke yasikae. Kushindilia kunachukua muda mrefu kuliko kuchimba. Shimo nililolichimba dakika kumi lilinila saa nzima ya kupigilia, na baba mdogo alikuwa anakuja kuitikisa kila nguzo kwa mkono mmoja, huku ameangalia pembeni kana kwamba hajali.

Saruji yangu aliikataa. Nguzo ya mti ikizungushiwa saruji inakaa kama ndani ya kikombe, alisema. Mti ukikauka unasinyaa, maji yanaingia kwenye mwanya, hayana pa kutokea, na nguzo inaoza kwa chini huku juu inapendeza. Tuliitumia mahali pamoja tu, kwenye ile sakafu ya kanisa. Pale tulitoboa mwamba kwa tindo na nyundo: piga, zungusha tindo kidogo, piga, zungusha. Vumbi likijaa unalipuliza kwa bua la jani la papai, ambalo lina uwazi ndani kama mrija. Asubuhi nzima tulipata kina cha inchi sita. Tukasimamisha nondo ndani yake, tukamimina uji wa saruji, tukaifunga nguzo kwenye nondo. Nondo moja tu, nguzo moja. Kwenye kona, ambako mvuto ni mkali zaidi na chini ni mwamba mtupu, hatukutoboa kitu. Tulijenga kizimba cha fito kuzunguka nguzo, kimo cha kiuno, tukakijaza mawe. Nguzo ile haijaingia ardhini hata kidogo, na siku ya kukaza seng'enge ndiyo pekee ambayo haikusogea.

Jioni moja nilijiuliza ni nani aliyebuni ua huu wa nguzo na waya. Seng'enge iliyoshinda nyingine zote sokoni ni ya mkulima aitwaye Joseph Glidden wa mji wa DeKalb, jimbo la Illinois, Marekani, aliyepata hataza yake Novemba 1874. Sasa tazama Illinois ni wapi. Ni mbuga. Udongo ni mweusi na wa kina, unachoma nguzo kama kisu kwenye papai. Miti na mawe vilikuwa haba, ndiyo maana watu walihitaji waya. Kwa Glidden nguzo lilikuwa jambo jepesi na tatizo lilikuwa kitu cha kufungia baina ya nguzo na nguzo. Kwetu ni kinyume kabisa: vitu vya kujazia viko tele, tatizo ni kusimamisha nguzo. Tumenunua jibu la swali la watu wengine. Ni kama kuweka programu kwenye mashine ambayo haikuandikiwa, inakubali kuwaka lakini kila siku una kazi.

Wazee wa huku walikuwa na jibu lao. Waliosoma na mimi watakumbuka ile ziara ya shule ya Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, ambapo tulishinda tukikimbizana tusisikie neno la mwelekezi. Ni maboma ya kuta za mawe matupu, bila udongo wala saruji ya kushikisha, na inaaminika yalijengwa kuanzia karne ya 16. Mahali pengine kuta zinapita kimo cha mtu mara mbili. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Siri yake ni kwamba ukuta una uso wa nje na uso wa ndani, na katikati yake mawe madogo yanayozishikamanisha pande hizo mbili. Hakuna nguzo. Hakuna shimo.

Na mawe sisi tulikuwa nayo. Kila shimo langu la bure lilikuwa limenipa rundo. Baba mdogo akasema tuyashushe upande wa chini, unaotazama ziwa, tujenge ukuta wa kimo cha paja. Nikauliza ukuta mfupi hivyo utamzuia nani, mbuzi si ataruka? Akasema mbuzi hawaji kutoka ziwani. Kiboko ana uzito wa zaidi ya tani moja na seng'enge anaipita kama utando wa buibui, lakini miguu yake ni mifupi na kuruka hawezi. Akikuta kizingiti asichoweza kukivuka, anakifuata kwa pembeni mpaka achoke, anakwenda kwingine. Kwa nini hakuna aliyeniambia hili nilipokuwa nanunua nguzo? Kwa sababu sikuuliza.

Ukuta ule Mama ndiye aliyeujenga. Mimi nilikuwa nabeba. Alikuwa akiokota jiwe, analigeuza mara moja mkononi, analiweka, linakaa. Mimi nikiweka la kwangu lilikuwa linacheza, naye analitoa bila neno na kuliweka upande wake wa pili.

Siku ya mwisho kabla ya kukaza seng'enge, alipanda mpaka kule juu tulipokuwa bado tunagongagonga kutafuta yale mashimo mawili. Alisimama kwenye nguzo ya tatu, akatazama mti wa mwembe ulio bomani, akatazama paa la nyumba, akatembea hatua nane au tisa, akaweka mguu chini.

"Hapa."

Nikaangusha mtaimbo. Ukazama.

"Ulijuaje?"

"Mimi ndiye niliyeishika akipigilia. Jua lilikuwa linanipiga hapa," akagusa shavu la kushoto. "Alinisimamisha mpaka likazama, eti imeinama, eti bado imeinama."

Nikamuuliza ile nyingine iko wapi. Akasema ile aliiweka peke yake, hajui.

Nilianza kuomba msamaha lakini nikakwama, nadhani kwa sababu ya Dholuo changu ambacho kimeshika kutu, au kwa sababu nyingine. Aliinua nguzo akaisimamisha shimoni, akaishika kwa mikono miwili. "Wuoda, pigilia," akasema. Wuoda ni mwanangu. Nikapigilia. Alinisimamisha muda mrefu.

Ua una nguzo kumi na saba. Kumi ni za Baba, zikiwa mahali alipozichagua, na saba ni zangu katika nyufa tulizozitafuta kwa masikio. Ile moja ya Baba ambayo shimo lake halikupatikana Mama aliichukua, sasa imekuwa benchi mbele ya jiko. Nguzo tatu mpya zilizobaki nilimpa baba mdogo, akaonekana kutojua la kuzifanyia.

Mwezi wa Aprili, baada ya mvua kubwa, Mama alinipigia. Kizimba cha kona kiko salama. Kiboko amekuja mara mbili, nyayo zimefuata ukuta mpaka mwisho zikarudi majini. Maharagwe yametoka. Mbuzi wa jirani wanasimama njiani wanatazama. Ila nguzo ya tisa inatikisika, ni moja ya zile nilizopigilia baba mdogo akiwa amekwenda kula, na anataka kujua nitakuja lini.

Nimemwambia Agosti. Wiki ijayo tutarudi kwenye hifadhidata, safari hii kweli.